Seli T, Seli B na Chanjo ya Taifodi

Kingamwili za taifodi hutoka wapi?
Hutengenezwa na seli B. Kila seli B ina kipokezi kinachotambua umbo moja tu, lakini ikishalinasa, mara nyingi haifiki mbali bila kusaidiwa na seli T saidizi.

Kwa nini Kibera, mtaa wa Nairobi, hutajwa sana taifodi ikizungumzwa?
Uchunguzi wa KEMRI (taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya) na CDC ya Marekani uliofanyika huko mwaka 2007 hadi 2009 ulipata takriban visa 247 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, watoto wakiumia zaidi. Kibera na mtaa mwingine wa Nairobi, Kawangware, maji hununuliwa kwa mtungi, na mabomba ya plastiki hupita mitaroni. Bomba likipasuka, maji taka huingia.

Chanjo ya awali ilikwama wapi?
Ilibeba sukari ya Vi peke yake, ile inayomfunika bakteria. Seli T husoma vipande vya protini, si sukari, hivyo seli B zilikosa msaada. Watoto wa chini ya miaka 2 hawakupata kinga ya maana.

Na hii iliyoanza kutolewa Kenya Julai 2025?
Sukari ni ileile, ila imeunganishwa na protini, kwa mfano sumu ya pepopunda iliyoondolewa makali. Seli B hunasa sukari, humeza mzigo mzima, hukatakata protini, kisha huonyesha vipande vyake juu ya utando wake. Ndani ya tezi za limfu, seli T iliyokwisha kuifahamu protini hiyo huvitambua. Ajabu ni kwamba seli T haijui lolote kuhusu taifodi. Msaada inautoa kwa sababu ya pepopunda. Hugusa molekuli ya CD40 iliyo juu ya seli B na kumwaga kemikali za kuichochea. Seli B huzaana, hubadili kingamwili kutoka aina ya IgM kuwa ya IgG, na zile zinazoshika sukari vizuri zaidi ndizo zinazobakizwa. Nyingine huwa seli za kumbukumbu.

VVU huharibu nini hapo?
Seli zenye CD4, zinazohesabiwa kliniki, ndizo seli T saidizi. Zikipungua, chanjo nyingi hufanya kazi kwa udhaifu.

Kipimo cha Widal kikionyesha kingamwili, ni taifodi?
Si lazima, ingawa wengi hupewa dawa kwa kipimo hicho tu. Kingamwili huweza kubaki kutokana na maambukizi ya zamani, au kuchochewa na salmonela wengine. Kuotesha bakteria kutoka kwenye damu ndiko huthibitisha ugonjwa.