Ulandanishi wa Orodha za Majina na Kalenda za Tarakilishi: Funzo kwa Mtafiti wa Kiswahili

1.0 Utangulizi

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Mali ya mtafiti wa fasihi ya Kiswahili ni watu: malenga, wasimulizi, na wazee waliohifadhi miswada ya hati za Kiarabu katika masanduku yao. Zamani majina ya watu hao na siku za kukutana nao yaliandikwa katika daftari moja. Leo daftari hilo limegawanyika. Sehemu yake imo katika simu ya mkono, sehemu imo katika kipakatalishi, nyingine imo katika tarakilishi ya idara, na nyingine katika akaunti ya barua pepe. Teknolojia ya ulandanishi ilibuniwa ili kuyafanya madaftari haya yote yaseme jambo moja.

Hata hivyo, kusema jambo moja si sawa na kusema jambo lililo sahihi. Chukua mfano wa mtafiti kutoka bara ambaye amepigiwa simu na mzee wa pwani na kuambiwa, "Njoo usiku wa Ijumaa, saa tatu." Mtafiti anaandika katika simu yake: Ijumaa, 3:00. Punde si punde, kipakatalishi na akaunti yake vinaonyesha miadi iyo hiyo. Mashine tatu zimeafikiana, na zote tatu zimekosea. Mzee alikuwa amekusudia Alhamisi jioni, wakati ambao mashine huuandika 21:00.

Makala haya yanadai kwamba mashine hulandanisha maandishi tu. Kazi ya kulandanisha maana imebaki kwa binadamu. Ili kuutetea msimamo huu, makala yanaanza na istilahi, yanaeleza namna ulandanishi unavyofanya kazi, kisha yanachunguza majina na nyakati kama zinavyotumiwa na Waswahili.

2.0 Suala la Istilahi

Maneno manne hutumiwa ovyo katika uwanja huu: kunakili, kuhifadhi, kusawazisha na kulandanisha. Kunakili ni kuchukua kitu kilivyo na kukiweka mahali pengine. Nakala hiyo haitajua lolote litakaloupata mwandiko wa asili baadaye. Kuhifadhi ni kuweka nakala ya akiba ili mwenyewe aweze kuirudia siku ya msiba.

Kitenzi sawazisha kinatokana na sawa. Mtu anaweza kusawazisha uwanja mmoja pasipo kuwapo wa pili. Kitenzi landanisha, kwa upande wake, kina viambishi viwili vyenye uzito. Mzizi ni -land-, wenye maana ya kufanana au kulingana. Kiambishi -an- ni cha kutendana, nacho -ish- ni cha kusababisha. Kwa hivyo, kulandanisha ni kuvifanya vitu viwili au zaidi vilingane, kila kimoja na mwenziwe. Maana hiyo inaafiki tendo lenyewe, kwa kuwa mabadiliko husafiri kutoka simu hadi tarakilishi, na pia kutoka tarakilishi hadi simu. Ndiyo sababu makala haya yanapendelea ulandanishi.

Tofauti hizi si za kupamba lugha tu. Anayedhani kuwa ulandanishi ni akiba hufuta jina katika simu akiamini kwamba limebaki salama katika akaunti. Huko nako hufutika, kwa sababu kufuta ni badiliko kama mabadiliko mengine, na ulandanishi hulisambaza kwa uaminifu uleule.

3.0 Jinsi Ulandanishi Unavyofanya Kazi

Mnamo 1996 kilitokea kifaa cha mkononi kilichoitwa Pilot, kilichotengenezwa na kampuni ya Palm. Kifaa hicho kiliwekwa katika kitako kilichounganishwa na tarakilishi kwa waya, kitufe kikabonyezwa, na majina na miadi ikalinganishwa. Pande zilikuwa mbili tu. Mwaka wa 2000 makampuni kadhaa yaliungana kuanzisha SyncML, ili vifaa vya watengenezaji mbalimbali viweze kuelewana. Baadaye kazi ilihamia katika mtandao. Kiwango cha CalDAV cha kalenda kilitolewa mwaka wa 2007, na CardDAV cha orodha za majina mwaka wa 2011. Kwa utaratibu huu, seva moja hushika daftari kuu, na kila kifaa hulinganisha nakala yake na daftari hilo.

Ili ulinganishaji huo ufaulu, mambo matatu huhitajika. La kwanza ni kitambulisho. Kila kadi ya mtu na kila miadi hupewa mfuatano wa herufi na tarakimu usiofanana na mwingine. Mashine hutambua kadi kwa alama hiyo, si kwa jina la mtu. Ndiyo maana mtu mmoja akiandikwa mara mbili, katika vifaa viwili ambavyo bado havijaunganishwa, mashine huweza kumhesabu kuwa watu wawili.

La pili ni kumbukumbu ya ulandanishi uliopita. Ikiwa namba imo katika simu na haimo katika tarakilishi, je, imeongezwa kule au imefutwa huku? Kwa kutazama pande mbili peke yake, swali hili halina jibu. Ni lazima mashine ikumbuke hali ilivyokuwa pande hizo zilipoafikiana mara ya mwisho.

La tatu ni kanuni ya upatanishi. Kadi moja ikibadilishwa pande zote mbili kabla ya kukutana, hutokea mgongano. Baadhi ya programu hulichukua badiliko la mwisho na kulitupa la kwanza. Nyingine huziweka kadi zote mbili, na nyingine humwuliza mwenyewe. Kanuni ya badiliko la mwisho ni nyepesi, lakini haijali ni badiliko lipi lililo la kweli.

4.0 Majina ya Watu

Kadi za majina hubadilishana habari kwa muundo uitwao vCard. Toleo lake la 3.0, lililowekwa kuwa kiwango cha intaneti mwaka wa 1998, huligawa jina katika visanduku vitano: jina la ukoo, jina la mtu mwenyewe, majina ya ziada, cheo kinachotangulia na cheo kinachofuata. Mgawanyo huu unachukulia kwamba kila mtu ana jina la ukoo, na kwamba jina hilo ndilo la kupangia orodha.

Fasihi ya Kiswahili yenyewe inatosha kuutia mgawanyo huu mashakani. Muyaka bin Haji al-Ghassaniy, malenga wa Mombasa, aingizwe vipi? Haji ni jina la baba yake. Al-Ghassaniy ni nisba inayoonyesha nasaba. Neno bin si jina wala si cheo. Mwana Kupona binti Msham, mtunzi wa Lamu, analeta ugumu mwingine. Programu inayokata jina penye nafasi tupu italichukua Mwana kuwa jina lake na Msham kuwa ukoo wake, hali Mwana ni neno la heshima lililoambatana na Kupona, na Msham ni baba.

Hali ni hiyo hiyo kwa walio hai. Watu wengi wa pwani hutumia majina matatu: lao, la baba na la babu. Ndugu wa baba mmoja watapangwa pamoja chini ya jina la babu, ilhali baba yao mwenyewe atapangwa chini ya jina jingine. Aidha, mtafiti huenda alimwandika mama fulani kwa jina la mtoto wake wa kwanza, kama heshima inavyodai, kisha tarakilishi ya idara ikamwandika kwa jina la kitambulisho chake. Mashine haina njia ya kujua kwamba hao ni mtu mmoja, isipokuwa labda namba ya simu ifanane.

Namba nayo ina hila zake. Namba ya Kenya iliyoandikwa kwa kuanzia 07 na namba iyo hiyo iliyoandikwa kwa +254 ni mifuatano miwili tofauti. Baadhi ya programu huzitambua kuwa moja, nyingine hushindwa. Isitoshe, namba za simu za mkono za Tanzania pia huweza kuanza na 07. Mtafiti anayevuka kutoka Mombasa hadi Unguja na kutumia laini ya huko, akipiga namba ya Kenya isiyo na msimbo wa nchi, huenda akampigia mtu mwingine kabisa.

5.0 Saa, Siku na Miezi

Miadi hubadilishana kwa muundo wa iCalendar, uliowekwa mwaka wa 1998 na kufanyiwa marekebisho mwaka wa 2009. Kwa kawaida wakati huandikwa pamoja na ukanda wake. Nairobi iko saa tatu mbele ya wakati wa kimataifa, mwaka mzima. London husogeza saa zake majira ya kiangazi. Kwa hivyo, semina ya kila mwezi inayofanyika saa nane mchana za London husikilizwa Nairobi saa kumi na moja jioni wakati wa baridi, na saa kumi jioni wakati wa kiangazi. Kalenda iliyoelezwa ukanda sahihi hufanya hesabu hii bila kukosea. Hapa mashine inastahili sifa zake.

Saa za Kiswahili ni jambo jingine, kwani tofauti yake si ya ukanda. Ni tofauti ya mahali pa kuanzia kuhesabu. Saa moja ya asubuhi huandikwa 7:00 na mashine, na tatu ya usiku huandikwa 21:00. Siku nazo zina utata. Kwa desturi ya pwani iliyofuata dini ya Kiislamu, siku huanza jua linapotua. Usiku wa Ijumaa basi ni ule unaoitangulia Ijumaa. Wasemaji wengi wa bara huuita huo usiku wa Alhamisi. Usemi "usiku wa kuamkia Ijumaa" ndio unaoondoa shaka, na mtafiti wa mfano wetu angenusurika kama angeuliza hivyo.

Juma la Kiswahili huanza Jumamosi na kuhesabu hadi Jumatano, siku ya tano. Alhamisi pia ni tano, kwa hesabu ya Kiarabu inayoanza siku moja baadaye. Kalenda za tarakilishi huanza Jumapili au Jumatatu. Kwa hivyo, anayesema "siku ya pili ya juma" hajasema lolote mpaka ijulikane anahesabu kuanzia wapi.

Miezi ndiyo yenye mtego mkubwa. Maulidi huangukia Mfunguo Sita. Mwaka wa mwezi mwandamo una siku 354 au 355, hivyo hupungukiwa na ule wa Januari hadi Desemba kwa siku kumi na moja hivi. Mtu akiandika Maulidi na kuchagua "rudia kila mwaka", kosa la siku hizo litatokea mwaka ujao na kuzidi kila mwaka, nalo litaenea katika vifaa vyake vyote. Mwaka wa 2015 kilitolewa kiwango kinachoiwezesha iCalendar kurudia tukio kwa kufuata kalenda nyingine, lakini hesabu haiwezi kuchukua nafasi ya kuandama kwa mwezi kunakoshuhudiwa kwa macho.

6.0 Mapendekezo

Kwanza, mtafiti aweke nakala ya akiba nje ya ulandanishi kabla ya kuunganisha vifaa vyake. Pili, achague akaunti moja iwe daftari kuu, na maingizo maradufu yaondolewe humo kwanza. Tatu, jina liandikwe lote kama mwenyewe anavyolitaja, katika kisanduku cha jina kamili. Toleo la vCard la mwaka wa 2011 linalifanya jina kamili kuwa la lazima na ule mgawanyo wa visanduku vitano kuwa wa hiari. Nne, namba zote zianze na msimbo wa nchi. Tano, maneno halisi ya mwenye miadi yaandikwe katika nafasi ya maelezo: "Kasema usiku wa kuamkia Ijumaa, saa tatu." Maelezo hayo yatasafiri pamoja na miadi, na kosa la tarakimu litaweza kugunduliwa.

7.0 Hitimisho

Daftari la kale lilikuwa na upungufu wake, lakini kosa lake lilikaa katika ukurasa mmoja. Kosa la leo huzaana, na kila kifaa huwa shahidi wa kifaa kingine. Mwanafunzi wa Kiswahili ana nafasi ya pekee katika jambo hili, maana kupima maana ya neno kabla ya kuliandika ndiyo taaluma yake. Mzee aliyeketi barazani akimngoja mgeni asiyefika hatauliza ni programu ipi iliyokosea. Atajua tu kwamba hakusikilizwa, na huenda sanduku la miswada lisifunguliwe tena.