SOMO LA VIJANA: TUSIIACHE NJIA, TUSIMLAUMU ALIYEUMIA

Maandiko ya kusoma nyumbani: Yohana 9:1-3, 2 Samweli 4:4 na sura ya 9, Warumi 5:3-5.



Katika miezi hii mitatu tumewasomea vijana wetu riwaya. Wengine mmetuuliza kwa nini kanisa linasoma hadithi. Sababu ni hii: wengi wao wamezaliwa au kukulia hapa kambini. Siku tukirudi nyumbani watapita kwenye mashamba na vichaka wasivyovijua, na vita vimeacha vitu vyake ardhini. Makatazo matupu husahaulika. Lakini kijana akimpenda mtu aliyeumia, hasahau.

Kisa chenyewe

Kitabu kinaitwa Secrets in the Fire kwa Kiingereza, na Le Secret du feu kwa Kifaransa. Mwandishi wake ni Henning Mankell, Mswidi aliyeishi miaka mingi Maputo. Kilitoka kwa Kiswidi mwaka 1995. Kinamhusu Sofia Alface, mtu wa kweli wa Msumbiji, nchi iliyokuwa na vita tangu 1977 hadi mapatano ya Roma mwaka 1992.

Majambazi wanavamia kijiji usiku, baba anauawa. Mama anakimbia na watoto na kuanza maisha upya ugenini. Hapo vijana wetu hawakuhitaji maelezo. Baadaye Sofia na dada yake Maria wako njiani. Wameonywa wasiiache njia. Wanacheza kama watoto wote, na mguu wa Sofia unakanyaga kando. Bomu linalipuka. Maria anakufa, na Sofia anapoteza miguu yote miwili.

Swali lililotunyamazisha

Tulipofika hapo msichana mmoja aliuliza: "Mchungaji, si ni kosa la Sofia?" Kabla hatujajibu, kijana anayetembea kwa gongo, ambaye hajawahi kusema neno darasani, akasema: "Hata mimi nilikiokota mwenyewe. Nilidhani ni cha kuchezea."

Tulinyamaza. Miaka yote tumefundisha kwamba mtoto mtiifu huwa salama. Hatukujua kwamba yeye alikuwa akisikia kila Jumapili kuwa amejikata mguu mwenyewe. Ndugu, tulimwomba msamaha. Tangu siku ile tunafundisha mambo mawili kwa pamoja.

1. Mwenye hatia ni aliyetega

Wanafunzi wa Yesu walipomwona kipofu waliuliza ni nani aliyetenda dhambi. Yesu alikataa swali lile. Sisi nasi tulikatae. Mtoto kucheza si dhambi. Dhambi ni kuficha mauti mahali ambapo watoto watapita.

2. Hata hivyo, tusiiache njia

Tukae kwenye njia inayotumiwa na wenyeji. Tukiona alama nyekundu au picha ya fuvu, tusipite. Tukiona kitu cha chuma tusichokijua, tusikiguse wala kukirushia jiwe. Tumwambie mtu mzima. Tukigundua tumeingia mahali pa hatari, tusimame palepale na kuita msaada. Mwenzetu akilipuliwa, tusimkimbilie, maana bomu moja huwa na mengine karibu. Tumwite, tumtie moyo kwa sauti, na tutafute wanaojua kazi hiyo. Hili ni gumu kwa mwenye upendo, kwa hiyo lifundisheni mapema.

3. Saburi huja pamoja na watu

Sofia hakusimama kwa nguvu zake peke yake. Alipata matibabu, akajifunza kutembea kwa miguu ya bandia, akajifunza kushona. Mefiboshethi naye alilemaa akiwa na miaka mitano, yaya wake alipomwangusha wakikimbia. Maandiko hayasemi miguu yake ilipona. Yanasema alirudishiwa shamba la babu yake na kupewa nafasi mezani pa mfalme. Tusimwambie aliyeumia "vumilia" huku tumemnyima kiti na kazi.

Tumaini lipo. Mwaka 2015 Msumbiji ilitangazwa kuwa imemaliza kuondoa mabomu yaliyojulikana. Watu walipekua ardhi hatua kwa hatua, wakisaidiwa na panya buku waliofundishwa Morogoro, Tanzania, kunusa baruti. Ardhi iliyotegwa inaweza kulimwa tena.

Maswali ya kujadiliana nyumbani

1. Je, kuna mtu tunayemlaumu kwa jeraha alilolipata vitani?
2. Kila mtoto wetu anaweza kutaja kanuni za usalama bila kusaidiwa?
3. Nani hapa jirani anahitaji kazi kuliko kuhurumiwa?

Jumapili ijayo kanuni hizi zitafundishwa kwa watoto wadogo. Mwalimu wao atakuwa yule kijana wa gongo. Ameomba mwenyewe. Waleteni mapema.

Mungu awabariki.