Bei ya Kwenye Picha Sio Bei ya Gari

Ukishafika chuo kikuu kuna kazi unapewa na ukoo bila kuiomba. Mjomba amepata mafao yake ya kustaafu, au shangazi na wenzake wamevunja kikoba, na anayepigiwa simu ni wewe: "Mwanangu, wewe umesoma, hebu angalia huko mtandaoni gari gani nzuri inayotufaa." Unaangalia, unakuta gari imeandikwa dola elfu mbili na kitu, unawatumia picha, familia nzima inashangilia. Miezi mitatu baadaye gari ipo bandarini, hela imeisha, na wewe ndiye unayeulizwa imekuwaje.

Makala hii ni somo fupi la kuzuia hali hiyo. Nitazungumzia kuagiza gari iliyotumika kutoka Japani kuja Tanzania, kwa sababu ndiyo njia ambayo wengi wetu na ndugu zetu tutapita. Hesabu zenyewe ni za asilimia, zile tulizofundishwa shule ya msingi. Wanaopigwa huwa wanajua asilimia vizuri tu. Shida yao ni kwamba walilipa kwanza, wakapiga hesabu baadaye.

Tukumbuke pia hela hii inatoka wapi. Wengi wetu tukipata ajira tutaanza kukatwa 15% ya mshahara kurejesha mkopo wa Bodi. Kuna na ile kanuni ya utumishi kwamba makato yasimwache mtu na chini ya theluthi moja ya mshahara wake. Ukiondoa makato mengine ya lazima, nafasi inayobaki ya kukopa ni nyembamba. Dola mia tano ukizilipa bila sababu, utazilipa pamoja na riba, mwezi baada ya mwezi, labda hata baada ya gari yenyewe kuanza kukuchosha.

Bei ni tatu, sio moja

Bei ya kwanza inaitwa FOB. Hii ni bei ya gari ikiwa imepakiwa melini huko Japani, basi. Ndiyo inayoandikwa kwa herufi kubwa chini ya picha, kwa kuwa ndiyo ndogo kuliko zote.

Bei ya pili ni CIF. Hapa umeongeza nauli ya meli na bima ya safari mpaka bandari ya Dar es Salaam. Wauzaji wengine hutaja C&F, ambayo ina nauli lakini haina bima. Kwa hiyo ukilinganisha wauzaji wawili, mmoja kakupa FOB na mwingine CIF, hujalinganisha kitu. Waombe wote wakupe CIF ya Dar es Salaam kwa maandishi, kisha ndipo useme nani rahisi.

Bei ya tatu haina jina rasmi. Mimi naiita bei ya mkononi: CIF, kodi zote, gharama za bandari na meli, ada ya wakala wa forodha, usajili na bima ya barabarani. Hii ndiyo bei ya kweli, na ndiyo pekee ya kumtajia mjomba. Muuzaji wa Japani hawezi kukupa bei hii, na hana wajibu huo. Ni kazi yako.

Kodi inapigwa juu ya kodi

Watu wengi hujumlisha asilimia. Wanasema ushuru wa forodha 25%, VAT 18%, jumla 43%. Hapo ndipo wanapoanza kupotea, maana kila kodi inapigwa juu ya jumla iliyokwishaongezwa kodi iliyotangulia.

Tuchukue gari ndogo ya abiria yenye injini ya cc 1,490, umri wake ni zaidi ya miaka kumi, na thamani ya CIF ni dola 4,000.

Ushuru wa forodha ni 25% ya CIF, yaani dola 1,000. Sasa tuna 5,000.

Ushuru wa bidhaa hutegemea ukubwa wa injini: cc 1,000 kushuka chini ni 0%, cc 1,001 hadi 2,000 ni 5%, zaidi ya cc 2,000 ni 10%. Yetu ni 5% ya 5,000, yaani dola 250.

Kuna ushuru mwingine wa bidhaa unaotokana na umri, ambao mtaani unaitwa ushuru wa uchakavu. Gari ya miaka minane hadi kumi ni 15%, zaidi ya miaka kumi ni 30%. Yetu ni 30% ya 5,000, yaani dola 1,500.

VAT ni 18% ya vyote hivyo kwa pamoja. 5,000 jumlisha 250 jumlisha 1,500 ni 6,750. Asilimia 18 yake ni dola 1,215.

Jumla ya kodi: 1,000 + 250 + 1,500 + 1,215 = dola 3,965.

Yaani kodi imekaribia kulingana na thamani ya gari yenyewe. Aliyetegemea 43% alitenga dola 1,720, sasa anatafuta zaidi ya dola elfu mbili nyingine huku gari ikilala bandarini. Na bado kuna tozo ndogo ndogo, kama ya uendelezaji wa reli na ya huduma za forodha, pamoja na ada ya usajili. Hapa nimeziacha ili hesabu isomeke, lakini kikokotoo cha magari yaliyotumika kwenye tovuti ya TRA kinaziweka zote. Unajaza aina ya gari, mwaka wa kutengenezwa, nchi inakotoka na ukubwa wa injini, kinakupa jumla. Kitumie siku hiyo hiyo unayotaka kuagiza, kwa kuwa viwango huweza kubadilika kila bajeti mpya inapoanza mwezi Julai.

Mtego wa gari ya bei rahisi

Sasa fanya jaribio. Gari A ina umri wa miaka kumi na mbili, CIF dola 3,000. Gari B ina miaka saba, CIF dola 4,000. Zote ni cc 1,490. Ipi rahisi?

Mtaa mzima utasema A, imepungua dola elfu moja. Lakini kwa hesabu ile ile, kodi ya A ni kama dola 2,974, jumla 5,974. Kodi ya B, isiyokuwa na ushuru wa uchakavu, ni dola 2,195, jumla 6,195. Tofauti ya dola elfu moja imebaki dola 221. Kwa dola 221 unapata gari changa kwa miaka mitano, yenye vipuri ambavyo bado havijachoka. Kwa mtu anayenunua kwa mkopo hili ni jambo kubwa, kwani gari inayokwenda gereji kila mwezi inadai hela ileile ya rejesho.

Injini nayo ina sauti yake. Gari ya dola 4,000 chini ya miaka minane, ikiwa na cc 996 kama Passo ndogo, kodi yake kuu ni dola 1,900. Ikiwa na cc 2,400 ni dola 2,490. Kabla hujachagua gari kwa macho, amua kwanza umri na cc. Hayo mawili yataondoa nusu ya magari yanayokuvutia, na ni afadhali yaondoke sasa.

Usijipe moyo kwa ushauri wa "mwambie muuzaji aandike bei ndogo kwenye ankara". TRA wana thamani zao kwa kila aina ya gari na mwaka wake, na hawalazimiki kuifuata ankara yako. Ukiandikiwa bei ya uongo, kodi haipungui, na likitokea tatizo huna karatasi inayoonyesha ulicholipa kweli. Kwa sababu hiyo hiyo, hata ukibahatika kununua gari kwa bei ya kutupa, kikokotoo kinaweza kuanzia thamani ya juu kuliko uliyolipa. Angalia kikokotoo kwanza, ndipo ufurahie bahati.

Kumsoma muuzaji

Kwa nini Japani magari yanauzwa mapema? Sababu mojawapo ni ukaguzi wa lazima unaoitwa shaken. Gari ya kawaida hukaguliwa miaka mitatu baada ya usajili wa kwanza, kisha kila baada ya miaka miwili, na ukaguzi huo ni gharama. Wengi huona bora wauze. Magari hayo huingia minadani, na kila gari hupewa karatasi ya mnada yenye daraja na mchoro wa kasoro zake. Mwombe muuzaji karatasi hiyo. Daraja 4 au 4.5 ni gari iliyo katika hali nzuri, 3.5 imechoka kidogo, na R au RA ina maana iliwahi kupata ajali ikatengenezwa. Kwenye mchoro, A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni sehemu iliyorekebishwa, S ni kutu. Muuzaji anayekwepa kukuonyesha karatasi hiyo, mwache. Magari yako mengi.

Angalia mwaka wa kutengenezwa, usiishie kwenye mwaka wa usajili. Gari iliyotengenezwa Desemba inaweza kusajiliwa mwaka unaofuata, na mwaka mmoja unaweza kukutoa kwenye 0% ya uchakavu ukaingia 15%. Linganisha pia namba ya chesesi na maelezo. Kwa mfano, IST za kizazi cha kwanza zenye NCP60 ni cc 1,300 hivi, na NCP61 ni cc 1,500. Tangazo likipingana na chesesi, uliza kabla ya kulipa.

Malipo yaende kwenye akaunti ya benki yenye jina la kampuni iliyotoa ankara. Ukiambiwa utume kwa akaunti ya mtu binafsi, au ukaletewa ujumbe kwamba "akaunti imebadilika", simama hapo hapo na uwapigie kwa namba uliyokuwa nayo tangu mwanzo.

Na kama unanunua yadi?

Wengine hawana subira ya meli, wanataka gari waione, waiwashe, waondoke nayo. Si vibaya. Lakini usiingie yadi bila bei ya mkononi kwenye daftari. Tafuta gari kama ile mtandaoni, piga hesabu yote, halafu linganisha na bei ya yadi. Tofauti inayobaki ni malipo ya mwenye yadi kwa hela aliyoifungia, muda aliosubiri na hatari aliyoibeba. Anastahili kitu, na wewe unajua sasa mnajadili kiasi gani. Badala ya kusema "punguza bosi", unasema, "Kaka, hii ikiagizwa inafika mkononi kwa kiasi hiki, niambie faida yako iwe ngapi tuelewane." Mazungumzo yanabadilika papo hapo.

Pia usilipie herufi. Gari yenye namba E inaonekana mpya, lakini namba inaonyesha ilisajiliwa lini hapa Tanzania tu. Gari ya mwaka 2006 iliyoingia juzi nayo ina namba mpya. Uliza mwaka wa kutengenezwa, na uusome mwenyewe kwenye kadi.

Bandarini

Tafuta wakala wa forodha mwenye leseni kabla meli haijafika. Omba makadirio yenye mchanganuo, mstari kwa mstari, kutoka kwa mawakala watatu. Anayekupa jumla moja bila mchanganuo ndiye atakayekuongezea "kitu kidogo kilichosahaulika" baadaye. Kodi lipa mwenyewe benki au kwa simu kwa namba ya kumbukumbu ya malipo. Usimpe wakala fedha taslimu akulipie. Nyaraka za meli zikichelewa kukufikia, gari inakaa bandarini na gharama za kuhifadhi zinaongezeka kila siku, hivyo fuatilia mapema. Tena tenga akiba kidogo, kwani wiki zinazopita kati ya kulipa na gari kufika zinatosha shilingi kushuka dhidi ya dola.

Zoezi

Shangazi ameona gari ya cc 1,800, umri miaka tisa, CIF dola 3,500. Ana dola 5,500 tu. Anauliza kama alipe leo.

Jibu: ushuru wa forodha 875, tunafika 4,375. Ushuru wa bidhaa wa 5% ni 218.75, wa uchakavu wa 15% ni 656.25, tunafika 5,250. VAT ni 945. Kodi kuu ni dola 2,695, na jumla ni dola 6,195 kabla ya tozo, wakala, bandari na usajili. Mwambie asilipe leo. Mtafutie ya cc 1,000 iliyo chini ya miaka minane, CIF isiyozidi dola 3,200, ambayo kwa kodi kuu inafika dola 4,720. Hizo 780 zinazobaki ndizo za kuitoa bandarini. Mpelekee na hesabu imeandikwa kwenye karatasi, aisome mwenyewe.