Mdogo Wangu, Utajifungulia Wapi?

Mdogo wangu, tumbo likishaanza kuonekana kila mtu ana neno. Shangazi anataka kujua ni wa kike au wa kiume, wifi anauliza unatamani nini, jirani anakuletea udongo wa kutafuna. Kuhusu utakapojifungulia, wengi hukaa kimya mpaka mwezi wa tisa. Uchungu huwakuta usiku, na uamuzi unafanywa na dereva wa bodaboda kwa kuangalia geti lililo karibu. Nakuomba usifike huko. Kama sasa una miezi mitano au sita, huu ndio wakati wa kukaa chini na kuchagua.

Bibi zetu walikuwa wanachagua kati ya nyumbani na hospitali, lakini kwa wengi wetu swali hilo limekwisha. Utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2015/16 ulionyesha kuwa asilimia 63 ya watoto Tanzania walizaliwa katika vituo vya afya, na ule wa 2022 ukaonyesha asilimia 81. Katika kipindi hicho hicho makadirio ya vifo vya uzazi yalishuka kutoka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000. Kwa hiyo kwenda tunakwenda. Kilichobaki ni kujua unakwenda wapi, na kwa nini hapo.

Msimamo wangu ni huu: usichague wodi kwa kufikiria siku ambayo mambo yataenda vizuri. Siku hiyo mkunga mmoja makini na chumba kisafi vinatosha. Chagua kwa kufikiria ile saa ambayo damu haikati, presha imepanda, au mtoto ametoka na hajalia. Damu inayotoka kwa wingi baada ya kujifungua inaweza kumuua mwanamke mwenye afya yake ndani ya saa chache. Mtoto asiyepumua anatakiwa asaidiwe ndani ya dakika yake ya kwanza duniani. Wodi nzuri ni ile ambayo saa hiyo ina mtu, ina dawa, na inajua la kufanya.

Anza na kadi yako ya kliniki

Kabla ya kuuliza hospitali ipi ni nzuri, uliza wewe una mimba ya namna gani. Fungua kadi, kaa na mkunga wa kliniki, mwambie akueleze waziwazi: "Mimi ninafaa kujifungulia zahanati, kituo cha afya, au hospitali yenye upasuaji?"

Ikiwa umewahi kujifungua kwa upasuaji, una mapacha, mtoto ametanguliza matako, una presha, kisukari, siko seli au upungufu mkubwa wa damu, usibahatishe: hospitali yenye upasuaji na damu ndiyo yako. Vivyo hivyo kama uzazi uliopita ulitokwa na damu nyingi au ulimpoteza mtoto. Nawe mwenye kimo kifupi, mwenye umri mdogo sana, au uliyeshika mimba ya tano na kuendelea, muulize mkunga bila kuona aibu. Swali hilo halikudharau, linakulinda.

Usiposhikwa na lolote kati ya hayo, kituo cha afya chenye wakunga wa kutosha na njia ya haraka ya kufika hospitali kinaweza kukufaa sana.

Jina kubwa halitoshi

Hapa Dar es Salaam nawasikia wengi wakisema, "Mimi ni Muhimbili tu." Muhimbili ni hospitali ya taifa, mahali pa kupokea waliozidiwa kwingine. Chini yake zipo hospitali za rufaa za mkoa kama Amana, Temeke na Mwananyamala, kisha za wilaya, vituo vya afya na zahanati. Wenye mimba salama wote wakijazana juu, mkunga mmoja anabaki akiwaangalia wajawazito wengi kuliko uwezo wake, na yule mwenye kifafa cha mimba anasubiri pamoja nao. Kama kadi yako inasema uende juu, nenda moja kwa moja na barua yako ya rufaa. Kama haisemi hivyo, ukubwa wa jina usikuvute.

Halafu pima njia. Unakaa Kigamboni? Usiku wa manane utavuka na kivuko au utazunguka darajani, na kwa gari la nani? Unakaa Chanika na unataka wodi ya mjini? Jaribu safari hiyo saa ya foleni ya jioni, ujue inakula muda gani. Hospitali nzuri usiyoweza kuifikia kwa wakati haikusaidii.

Nenda ukaulize kwa mdomo wako

Chagua vituo viwili, uvitembelee. Mtafute muuguzi mfawidhi wa wodi ya wazazi, msalimie kwa heshima, kisha muulize haya.

"Zamu ya usiku mko wangapi, na daktari analala hapa au anaitwa kutoka nyumbani?" Uchungu hauna saa za kazi. Wodi inayopendeza saa nne asubuhi unapaswa kuijua ilivyo saa tisa usiku wa Jumapili.

"Upasuaji mnafanya saa zote?" Vituo vya afya kadhaa siku hizi vina chumba cha upasuaji. Uliza kama mtaalamu wa dawa ya usingizi yupo usiku, maana chumba bila yeye ni mlango uliofungwa.

"Damu ipo hapa hapa?" Kama haipo, inatoka wapi na inafika baada ya muda gani? Wewe mwenyewe ujue kundi lako la damu, na uwe na ndugu wawili walio tayari kuchangia.

"Sindano ya kuzuia damu mnaitunza wapi?" Oksitosini inayokaa kwenye joto hupoteza nguvu; inatakiwa friji ya nyuzi 2 hadi 8. Uliza umeme ukikatika inakuwaje. Uliza pia kama wanapima damu inayotoka au wanaikadiria kwa macho. Utafiti mkubwa uliofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, uliotangazwa mwaka 2023, ulitumia mfuko wenye alama za vipimo unaowekwa chini ya mama, kisha tiba zote zikatolewa kwa pamoja mara moja badala ya kusubiriana. Hatari ya mama kupoteza lita moja ya damu au zaidi, kufunguliwa tumbo kwa sababu hiyo, au kufa, ilipungua kwa asilimia 60.

"Mtoto akizaliwa amechoka au njiti, mnafanya nini?" Unataka kusikia habari za kifaa cha kumsaidia kupumua kilicho pale pale leba, oksijeni, na huduma ya kangaroo ya kumbeba kifuani.

"Mkizidiwa mnanipeleka wapi, kwa gari gani?" Tanzania tuna m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, na namba yake ya bure ni 115. Iandike kwenye simu yako na ya mwenzako leo.

Wewe sikiliza majibu, lakini mwangalie pia anayejibu. Mkunga anayekueleza kwa utulivu mchana, ukiwa mzima, ana dalili njema ya kukueleza kwa utulivu ukiwa na uchungu.

Hospitali binafsi nazo zihojiwe

Chumba cha peke yako, kiyoyozi na supu ya kuku ni vitu vizuri, na kama uwezo upo vifurahie. Lakini maswali ni yale yale. Baadhi ya hospitali ndogo za binafsi humwita daktari bingwa kutoka nyumbani, na mambo yakiharibika humkimbiza mgonjwa hospitali ya serikali. Uliza pia bei zote mbili, ya kujifungua kawaida na ya upasuaji, na kama bima yako inakubalika. Kule serikalini sera inasema huduma za uzazi ni bure, ila wengi huambiwa waje na vifaa: glovu, pamba, wembe, kibana kitovu, mpira wa kulalia, khanga. Omba orodha mwezi wa saba, ununue kidogo kidogo.

Heshima ni sehemu ya tiba

Kupigwa, kutukanwa au kuachwa peke yako leba si sehemu ya uzazi, na mtu asikwambie "ndivyo ilivyo". Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila mama awe na mtu amtakaye wakati wa uchungu. Uliza kama mama yako, dada au mume anaruhusiwa kuingia, na kama vitanda vina mapazia. Uliza pia utakaa muda gani baadaye: hata ukijifungua salama, saa 24 za kwanza ni za kuangaliwa, si za kuharakishwa nyumbani. Ukitendewa vibaya, namba ya Mganga Mfawidhi mara nyingi imebandikwa ukutani. Itumie.

Unapokwenda kwa mama

Wengi wetu mimba ya kwanza tunakwenda kujifungulia kwa mama, Korogwe, Masasi au Songea. Ni desturi njema, mikono ya mama haina mbadala. Lakini basi wodi unayochagua ni ya kule, siyo ya huku. Safiri mapema, wiki ya 36 isikukute njiani, na ukifika nenda kliniki na kadi yako wakujue. Kama kwa mama ni mbali na hospitali, uliza kama ipo chigonela, nyumba ya kusubiria wajawazito. Na dawa za miti shamba za kuongeza uchungu, tafadhali, zikatae kwa upole: zinaweza kupasua mfuko wa uzazi. Ukiwa umeshakunywa, mwambie mkunga.

Neno moja la kushika sana: uchaguzi wako usigeuke kamba ya kukufunga. Ukiona damu, kichwa kinauma sana na macho yanaona ukungu, degedege, chupa imepasuka, au mtoto ameacha kucheza, nenda kituo cha karibu mara moja. Watakupa huduma ya kwanza na kukupeleka mbele.

Wiki hii basi, tembelea vituo vyako viwili. Andika kwenye karatasi jina la cha kwanza na cha akiba, namba ya dereva unayemwamini, kundi lako la damu na 115, uitie ndani ya kadi. Na ukienda, nenda na mwenzako, ajue mlango wa wodi ya wazazi uko upande gani wa geti, maana usiku ule wewe hutaweza kumwelekeza.