Maji ya Kunywa Hayachotwi, Yanamiminwa
Kijitabu cha elimu ya afya kwa kaya

Kwa nini tunaandika tena

Mvua zikianza tu, vituo vya afya hujaa wagonjwa wa aina ile ile: kipindupindu, homa ya matumbo, kuhara damu, homa ya ini, watoto wanaoharisha hadi macho yanadidimia. Majina ni mengi lakini njia ni moja. Kinyesi cha mtu mmoja kimefika kinywani mwa mwingine, na mara nyingi kimepitia kwenye maji ya kunywa. Agosti 2015 kipindupindu kilizuka Dar es Salaam, kikasambaa mikoani na kuvuka hadi Zanzibar, na kufikia mwanzoni mwa 2018 Tanzania ilikuwa imehesabu wagonjwa zaidi ya 33,000 na vifo zaidi ya 500. Ni ugonjwa unaotibika kwa maji, chumvi na sukari mgonjwa akiwahi, tena unazuilika kabla haujaanza. Ndiyo maana kila kifo chake kinauma. Yapo mengi ya kusema juu ya maji, nasi tutayagusa, lakini kijitabu hiki kimeandikwa hasa kwa ajili ya tabia moja: kutumbukiza kikombe, kopo, kata au mkono ndani ya chombo cha maji ya kunywa. Maji ya kunywa hayachotwi. Yanamiminwa.

Maji huchafukia nyumbani

Watu wengi wanaamini kwamba kazi ya usafi wa maji huishia bombani au kisimani: maji yakitoka safi huko, mwenye nyumba amemaliza. Sivyo. Mwaka 1993, katika kambi ya wakimbizi wa Msumbiji huko Malawi, wataalamu walipima maji yakiwa yanatoka kwenye visima vya kambi, wakayakuta safi au karibu na safi. Waliyapima tena baada ya kuchotwa na kukaa nyumbani, yakawa machafu. Kisima hakikuwa na kosa. Mikono iliyokuwa ikigusa maji ndani ya ndoo ndiyo iliyoyachafua. Baadhi ya kaya zikapewa ndoo yenye mfuniko usiotoka na mdomo mdogo wa kumiminia, ndoo ambayo mkono hauwezi kuingia. Katika kaya hizo, kuhara kwa watoto wa chini ya miaka mitano kulipungua kwa karibu theluthi moja. Watu, kisima na choo vilibaki vile vile. Kilichobadilika ni ndoo.

Kabla ya hapo, katika mitaa ya watu maskini ya mji wa Kolkata nchini India, familia zilizokuwa na mgonjwa wa kipindupindu ziligawiwa mitungi ya udongo yenye shingo nyembamba, inayofanana na gudulia la pwani yetu. Walioambukizwa katika familia hizo hawakufika theluthi moja ya walioambukizwa katika familia zilizoendelea kutumia vyombo vya mdomo mpana. Haya yalitokea ndani ya nyumba ambazo ugonjwa ulikuwa umekwisha kuingia, mgonjwa yuko kitandani na wanaomhudumia ndio hao hao wanaokunywa maji ya chombo kile.

Sasa itazame ndoo ya maji ya kunywa katika nyumba nyingi zetu. Ina mfuniko, na juu ya mfuniko kuna kikombe kimoja cha plastiki cha watu wote. Mtoto anatoka kucheza, anafunua, anakishika kikombe kwa ukingo, vidole vinne vikiwa ndani, anakizamisha, anakunywa nusu, anarudisha iliyobaki ndooni. Baada yake anakuja mwingine aliyetoka chooni. Kufikia jioni maji hayo yameoshewa vidole vya nyumba nzima. Usichote. Mimina.

Chombo kinachofaa

Bora kuliko vyote ni ndoo yenye mfuniko na koki chini. Kama huna, tumia dumu lenye mdomo usiopitisha mkono, au gudulia. Wala huhitaji kununua kipya: dumu la mafuta ya kula linatosha, ila lisiwe lililowahi kuwekewa mafuta ya taa, rangi, dawa ya mifugo au dawa ya shambani, hata kama limeoshwa mara nyingi na halinuki. Dumu lioshwe kila linapoisha maji. Tia maji ya sabuni na kokoto ndogo safi, tikisa kwa nguvu, suuza mpaka povu liishe. Usiongeze maji mapya juu ya masalio ya jana. Chombo kikae juu ya meza au kigoda, si sakafuni wanapopita kuku na watoto wanaotambaa. Koki isiguswe kwa mdomo. Koki ikivuja, irekebishwe. Usiweke bakuli chini yake kisha ukawanywesha watu maji ya bakuli. Maji ya kunywa yawe na chombo chake peke yake, tofauti na cha kuogea na kuoshea vyombo, na kila mtu nyumbani akijue, pamoja na wageni. Na chombo kikiwa kizuri namna gani, usikifungue ukachota.

Kuchemsha na kutia dawa

Maji yenye tope yaache yatuame, kisha yachuje kwa kitambaa safi. Ukichemsha, subiri mpaka yatokote kwa mapovu makubwa, uyaache yaendelee hivyo kwa dakika moja kamili au zaidi. Yapoe ndani ya sufuria ile ile, ikiwa imefunikwa, kisha uyamimine kwenye dumu. Ukitumia dawa ya klorini, ya maji au ya vidonge, soma kipimo kwenye pakiti, tikisa, ngoja nusu saa ndipo mnywe. Dawa ina faida ambayo moto hauna: hubaki majini kwa muda ikiendelea kuyalinda. Maji yaliyochemshwa hayana mlinzi. Moto umeua vijidudu vilivyokuwamo, lakini kikombe kichafu kikizamishwa dakika tano baadaye, mkaa wako wote umekwenda bure. Kwa sababu hiyo anayechemsha anapaswa kuogopa kuchota kuliko mtu yeyote.

Mikono

Sabuni na maji yanayotiririka: baada ya choo, baada ya kumsafisha mtoto, kabla ya kupika, kabla ya kula, kabla ya kunyonyesha.

Choo

Kinyesi cha mtoto mchanga ni kinyesi. Nacho kinatupwa chooni.

Kichocho

Hiki hakiji kwa kunywa bali kwa kuoga, kufua au kuvua katika maji yenye konokono wake, kwa hiyo dumu zuri halitakukinga nacho.

Majibu kwa wanaokataa

Wapo wanaosema: babu zetu walichota mtungini kwa kata ya kifuu na hawakufa. Waliokua ndio tunaowaita babu; waliokufa wachanga hawakupata wajukuu wa kuwasimulia. Mwaka 1990, kati ya kila watoto 1,000 waliozaliwa hai nchini, zaidi ya 150 walikufa kabla ya kufikisha miaka mitano. Utafiti wa kitaifa wa 2022 uliwakuta 43. Hatudai kwamba maji peke yake yameleta mabadiliko hayo. Chanjo na vyandarua vimefanya kazi kubwa. Lakini kuhara kulikuwa miongoni mwa wauaji wakubwa wa watoto wale, na bado kunaua. Ukale wa desturi hauthibitishi usalama wake.

Wengine husema kata yao ina mpini mrefu, mkono haufiki majini. Hoja hii ina uzito, na kata yenye mpini iliyotundikwa ukutani ni afadhali kuliko kikombe. Ila fuatilia kata hiyo kwa siku moja. Asubuhi imetundikwa. Mchana iko juu ya mfuniko, inzi wanaizunguka. Jioni mtoto ameitumbukiza na mpini wake, ule ule ulioshikwa na kila mtu. Kata hutaka watu wazima waangalifu saa zote, na hakuna nyumba yenye watoto inayoweza kuahidi hilo. Dumu halimtegemei mtu kukumbuka, kwa sababu mkono hauingii.

Na wapo wanaosema umaskini ndio unaowaua. Ni kweli kwamba mgao wa maji, visima vilivyochimbwa karibu na vyoo na mabomba yanayovuja si kosa la mama anayepanga foleni alfajiri, na wenye dhamana wana wajibu wa kuvirekebisha. Hatuandiki ili kuwapunguzia wajibu huo. Lakini bomba jipya likifika kesho na maji yake yakaingia kwenye ndoo ya kuchota, ya Malawi yatajirudia hapa.

Mtu akianza kuharisha

Usisubiri kupambazuke. Anza kumnywesha dawa ya kuongeza maji mwilini, ile ya pakiti, papo hapo. Kama haipo: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Onja kwanza, ikizidi chumvi ya machozi, mwaga utengeneze upya. Mpe kidogo kidogo, kila mara. Akitapika, ngoja dakika kumi uendelee polepole. Mtoto aendelee kunyonya. Dawa iliyochanganywa ikakaa zaidi ya saa 24 imwagwe. Usimpe dawa ya kufunga tumbo. Mtoto apewe vidonge vya zinki kama mhudumu atakavyoelekeza, siku zote alizoandikiwa, hata kuhara kukikoma. Choo kama maji ya mchele, macho kudidimia, ngozi kukawia kurudi ikifinywa, kukosa machozi, kukosa mkojo, kulegea, damu kwenye choo: ukiona lolote kati ya haya, nenda kituoni sasa hivi, ukimnywesha njiani. Anayemsafisha mgonjwa asiguse chombo cha maji ya kunywa; maji amiminiwe na mtu mwingine. Ukifika kituoni, mweleze mhudumu ameharisha mara ngapi, ametapika mara ngapi, na alikojoa mara ya mwisho saa ngapi.