Mtoto Haoni Ubaoni: Mzazi Afanye Nini?

Mwanafunzi anayenakili kutoka daftari la mwenzake huenda si mvivu wala mdanganyifu. Huenda haoni kilichoandikwa ubaoni. Watoto wasioona mbali mara nyingi hawalalamiki, kwa kuwa hudhani kila mtu huona ukungu huo huo. Ni juu ya mzazi na mwalimu kutambua: mtoto hukunja macho ili aone, husogelea televisheni, au hamtambui mtu aliye ng'ambo ya barabara hadi aitwe.

Kwa kawaida, tatizo hili hutokea jicho linaporefuka kupita kiasi, mwanga ukakusanyika kabla ya kufika kwenye retina, utando wa nyuma ya jicho. Mara nyingi huanza katika umri wa shule ya msingi na huongezeka mtoto anapokua. Ndiyo maana miwani ya Gredi ya 3 huenda isimfae akiwa Gredi ya 6, na macho yake yanafaa kupimwa upya angalau kila mwaka.

Wazazi wengi huhofia kwamba miwani itayafanya macho kuwa mavivu. Si kweli, miwani haiharibu macho. Wengine huomba lenzi hafifu kuliko vipimo vya mtoto ili macho "yajitahidi". Hilo halisaidii, na huenda likaharakisha tatizo.

Kinga isiyo na gharama ni kukaa nje mchana. Mjini Guangzhou, China, wanafunzi wa darasa la kwanza waliongezewa dakika 40 za kuwa nje kila siku ya shule. Baada ya miaka 3, takriban asilimia 30 walikuwa wamepata tatizo hili, ikilinganishwa na asilimia 40 katika shule ambazo hazikuongezewa muda. Si lazima wacheze mpira. Hata kupiga gumzo chini ya mti kunafaa. Shule inayotwaa kipindi cha michezo ili kumaliza silabasi inawanyima watoto kinga hii. Hata hivyo, kukaa nje husaidia zaidi kabla tatizo halijaanza, na hakuchukui nafasi ya miwani.

Kwa mtoto ambaye macho yake yanadhoofika haraka, mtaalamu anaweza kupendekeza lenzi maalum au matone ya atropini ya kiwango cha chini. Matone haya hayafai kutumiwa bila maagizo yake.

Mzazi mwenye shaka aanzie kituo cha afya kilicho karibu na aulize kuhusu rufaa ya kliniki ya macho. Aende na mtoto mwenyewe, pamoja na miwani yake ya zamani ikiwa anayo.