Kutoka Mlolongo hadi Debe: Msamiati wa Kura na Historia ya Uchaguzi wa Mbeere Kaskazini

Ikisiri

Makala hii inachunguza maneno manne ya uchaguzi, yaani kura, mlolongo, mchujo na debe, kwa kuyahusisha na historia ya eneo bunge la Mbeere Kaskazini, ambalo hadi mwaka wa 2012 lilijulikana kama Siakago. Hoja kuu ni kwamba maana ya neno la kisiasa haikamiliki katika kamusi. Hukamilishwa na utaratibu unaoamua nani ahesabiwe, na mbele ya nani.

1. Utangulizi

Ishiara ni mji wa soko katika wadi ya Evurore, upande wa mashariki wa Kaunti ya Embu, si mbali na mto Thuci unaopakana na Tharaka-Nithi. Wadi hiyo, pamoja na Nthawa na Muminji, ndiyo inayounda eneo bunge la Mbeere Kaskazini. Wakazi wake wengi ni Wambeere, jamii ambayo kwa muda mrefu ilihesabiwa ndani ya jina la jirani yake, Embu. Wilaya ya Mbeere ilitengwa na ile ya Embu mwaka wa 1996. Baada ya Katiba ya 2010 pande hizo mbili ziliunganishwa tena katika kaunti moja. Kwa hiyo, swali la nani anahesabiwa na kwa jina gani si geni kwa wakazi wa Ishiara.

2. Kura: kutoka bahati hadi uamuzi

Neno kura limetokana na Kiarabu, ambako hurejelea njia ya kugawa jambo kwa bahati nasibu. Maana hiyo ingali hai katika Kiswahili. Ndugu wanaogawana mashamba wanaweza kupiga kura ili kila mmoja apate fungu lake bila ugomvi. Katika matumizi hayo, inayoamua ni bahati, wala si mtu. Siasa ya karne ya ishirini ilihamisha uamuzi huo na kumkabidhi mpigakura.

Hata hivyo, uhamisho huo haukuwa kamili tangu mwanzo. Katika uchaguzi wa kwanza wa wawakilishi Waafrika wa Baraza la Kutunga Sheria, mwezi wa Machi 1957, viti vilikuwa vinane tu kwa nchi nzima. Mtu alistahili kupiga kura kwa kigezo cha elimu, mapato, mali au utumishi, na aliyetimiza vigezo zaidi aliweza kupewa hadi kura tatu. Katika Mkoa wa Kati, ambao wakati huo ulijumuisha Embu na Meru, kulikuwa na sharti jingine. Kwa sababu ya vita vya Mau Mau, Wakikuyu, Waembu na Wameru walihitaji cheti cha uaminifu kwa serikali ili waandikishwe.

Matokeo ya sharti hilo yalionekana wazi. Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza kuteuliwa katika Baraza hilo mwaka wa 1944, alishindwa na Bernard Mate wa Meru, ambako wapigakura walioandikishwa walikuwa wengi. Mwaka uliofuata viti viliongezwa, na Jeremiah Nyagah, mzaliwa wa Mbeere, akaingia katika Baraza. Baada ya uhuru aliendelea kuuwakilisha upande wa kusini wa Mbeere bungeni hadi alipostaafu mwaka wa 1992. Inadhihirika, basi, kwamba kabla ya kura kuhesabiwa, wapigakura wenyewe walikuwa wamekwisha kuhesabiwa na kupunguzwa.

3. Mlolongo na mchujo: siri inapoondolewa

Mlolongo ni safu ya watu au vitu vinavyofuatana. Kwa Wakenya waliokuwa watu wazima mwaka wa 1988, neno hilo lina maana ya ziada. KANU ndicho kilichokuwa chama pekee halali tangu mabadiliko ya katiba ya 1982. Katika uteuzi wa wagombea wake, wanachama walitakiwa kupanga foleni hadharani nyuma ya mtu waliyemtaka au wakala wake. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 alihesabiwa kuwa amechaguliwa bila kupingwa, na kura ya siri haikupigwa tena.

Hapa neno mchujo linafaa kuchunguzwa. Anayechuja nazi hutaka tui, na machicha hubaki kwenye kifumbu. Mchujo wa uchaguzi, vivyo hivyo, unakusudiwa kuwa hatua ya kwanza ya kupunguza wagombea kabla ya wananchi wote kuamua. Mwaka wa 1988 hatua ya kwanza iliweza kuwa ya mwisho. Zaidi ya hayo, aliyesimama katika safu alionekana na chifu, jirani na mwajiri wake. Katika eneo la vijijini ambako watu wanajuana kwa majina na ukoo, kuonekana huko hakukuwa jambo dogo. KANU iliuacha utaratibu huo mwezi wa Desemba 1990, na mwaka mmoja baadaye kifungu cha 2A kilichoufanya mfumo wa chama kimoja kuwa sheria kikafutwa.

4. Debe: chama na mtu

Katika Kiswahili cha Kenya, wagombea hukutana debeni, na wafuasi wao huwapigia debe. Debe la Siakago limetoa matokeo yanayostahili kuangaliwa kwa makini. Mwaka wa 1997 Justin Muturi wa KANU alishindwa na Silas Ita. Ita alipofariki, Muturi alishinda uchaguzi mdogo wa 1999. Mwaka wa 2002 Mwai Kibaki na muungano wa NARC waliiondoa KANU madarakani, na Embu ilikuwa miongoni mwa ngome za Kibaki. Hata hivyo, Siakago ilimrudisha Muturi bungeni kwa tiketi ya KANU, na akawa kiranja wa upinzani. Methali husema jogoo la shamba haliwiki mjini. Mwaka huo jogoo wa KANU alinyamazishwa Ikulu, akaendelea kuwika Siakago.

Mwaka wa 2007 kiti kilichukuliwa na Lenny Kivuti wa Safina, ambaye mwaka wa 2013 alikuwa seneta wa kwanza wa Embu. Muriuki Njagagua alikishikilia kwa vipindi viwili kuanzia 2013. Mwaka wa 2022 kikaenda kwa Geoffrey Ruku wa DP, chama kilichoongozwa na Muturi, aliyekuwa Spika wa Bunge la Kitaifa kuanzia 2013 hadi 2022. Kutokana na mfululizo huu, ni vigumu kuliita eneo hili ngome ya chama chochote. Mpigakura wake ametenganisha mara kwa mara chama na mtu.

Mwezi wa Aprili 2025 Ruku aliteuliwa kuwa waziri. Kwa kuwa Katiba hairuhusu waziri kuwa mbunge, uchaguzi mdogo ulifanyika tarehe 27 Novemba 2025. Naibu Rais Kithure Kindiki, mwenyeji wa Tharaka-Nithi, alimpigia debe Leo Muthende wa UDA. Rigathi Gachagua, mtangulizi wake aliyeondolewa mamlakani mwaka wa 2024, alimuunga mkono Newton Karish wa DP. Muthende alipata kura 15,802 na Karish 15,308. Tofauti ilikuwa kura 494.

5. Hitimisho

Historia hii inaonyesha kwamba kura, mlolongo, mchujo na debe si visawe vya tendo moja. Cheti cha 1957 kiliamua nani aingie katika hesabu. Mlolongo wa 1988 uliamua nani aone hesabu ikifanywa. Debe la siri ndilo linalomwezesha mkulima wa pojo au muguka wa Ishiara kumsikiliza kiongozi mkubwa jukwaani, kumshangilia, kisha kuamua vingine bila kuulizwa. Pale ambapo kura 494 zinaweza kutoa mshindi, siri hiyo ndiyo thamani ya kura yenyewe. Mwanafunzi wa Kiswahili anayefafanua neno kura kwa kutaja karatasi na sanduku tu atakuwa ameacha nje sehemu muhimu ya maana yake.

Maswali ya kujadiliwa

1. Linganisha maana ya kura katika ugawaji wa urithi na katika uchaguzi. Ni kipi kilichobaki na ni kipi kilichobadilika?
2. Jina Siakago ni la mji mmoja, ilhali Mbeere ni jina la jamii. Jadili jinsi mabadiliko ya jina la eneo bunge yanavyoweza kuathiri hisia za kuwakilishwa.
3. Wahoji wazee walioshuhudia mlolongo wa 1988 katika eneo lako. Orodhesha maneno mengine wanayoyatumia kuueleza, kisha uyachanganue.